Saa ya Bi Rukia na Mkono Wangu

Tononoka, Mombasa
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu za mdogo wako, anayekuandikia akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti chake ameazima jirani na jirani huyo hana habari ya kukirudisha. Hujambo? Watoto hawajambo? Baba ameamkaje wiki hii? Na Mama, magoti yanamruhusu kushuka mtoni au bado anasingizia utelezi? Sasa hapa ndipo tulipofundishwa kuandika kwamba mimi huku ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Niliiandika sentensi hiyo, nikaitazama, nikachana karatasi. Hii unayoisoma ni karatasi ya pili. Utakapofika mwisho utajua kwa nini.

Najua utasema Saru amekuwa bibi kizee, nani anaandika barua siku hizi. Lakini nikikupigia simu unaiweka sauti ya juu, na Baba yupo palepale kwenye benchi lake, masikio wima. Akisikia neno "moyo" likitoka kwenye simu, atapanda kitandani angojee mauti. Kwa hiyo barua hii nampa Mama Righa wa Mgange, yule anayeleta kabichi na viazi hapa Marikiti, maana lori lao linarudi kesho. Isome peke yako. Ikibidi, isomee zizini.

Mliniachia swali, nami nimekaa nalo tangu Baba aanguke mara ya pili, pale kanisani mliposimama kuimba. Kaka Mwadime huko Nairobi ameshikilia kwamba Baba anunuliwe ile saa ya mkononi ya bei kubwa, inayosoma mapigo ya moyo na kupiga simu yenyewe mtu akianguka, na ili ipatikane, ng'ombe wetu Maua auzwe. Wewe ukasema saa za aina hiyo za bei nafuu zimejaa madukani, kwa nini tumuuze ng'ombe anayempa Baba maziwa kwa sababu ya kitu cha kuvaa. Basi mkasema Saru ndiye yuko mjini, azitazame zote mbili, atuambie kama ile ghali ina thamani ya ng'ombe. Leo nakujibu. Nivumilie tu nianzie mbali kidogo.

Nilianzia Makupa, kwenye maduka ya simu ambayo wenyewe hukuita "dada" hujavuka hata barabara. Kijana mmoja mwenye ulimi wa asali akanifungulia kisanduku, akatoa saa nyeusi inayong'aa, akaniambia hii ni pacha wa ile ghali, tofauti ni jina tu. Inapima moyo, inapima presha, inapima sukari. Nikamuuliza kama inapika pia. Akaifunga mkononi mwake, ikaonyesha mapigo sabini na kitu. Mimi nilikuwa nimetoka Marikiti na chane ya ndizi mfukoni, na sijui ni pepo gani alinisukuma. Nikamwomba ile saa, nikaifunga kwenye ndizi moja nono, nikangoja. Dada, ile ndizi ilikuwa na mapigo sabini na mawili, presha ya kijana, na sukari sawasawa. Watu wote dukani walicheka, hata mwenyewe akacheka, akaniambia, "Dada, ndizi zako zina afya, nunua saa uzitunze." Nilikisimulia kisa hicho kila nilipokwenda. Ndicho kilichotuponza, maana tangu siku ile nilikata kauli moyoni kwamba saa hizi zote ni waongo, na ile ghali ni mwongo aliyevaa suti.

Ile ghali sikuwa na haja ya kuitafuta dukani, naiona kazini kila siku. Nilikwishakueleza habari za Bi Rukia, mama mtu mzima ninayemtunza kule Mji wa Kale. Mwanawe Fuad yuko Kanada, naye ndiye aliyemletea. Saa hiyo inazungumza na simu ya Fuad hukohuko aliko. Mama yake asipoivaa, kabla hatujamaliza chai simu inalia. Kila akitaka kutawadha naivua, akimaliza namkausha mkono na kuifunga tena, sala zote tano. Asubuhi akinyoosha mkono husema, "Nitilie pingu zangu, mwanangu, Fuadi asije akapiga kelele." Mimi ananiita Mtaita wake. Amenifundisha kupika mbaazi za nazi na kutukana kwa adabu.

Kwa muda mrefu saa ile haikuwa na neno. Ilihesabu hatua zake, ikamsifu akilala vizuri, ikamgombeza akikaa sana dirishani. Yeye alikuwa akiijibu. "Mimi nikae nisikae, wewe yakuhusu nini?" Tukicheka, siku inapita.

Kisha ikaja harusi. Zuhura, mjukuu wake aliyemlea tangu mchanga, aliolewa hivi majuzi, na nyumba ikajaa wanawake, udi na vyombo vya kuazima. Fundi wa piko, ile rangi ya kujichora mikono, alipomaliza kumchora bi harusi, Zuhura akamgeukia bibi yake, akasema, "Bibi, wallahi sitoki nje mpaka nawe utiwe." Bi Rukia hakuwa ametia piko tangu afiwe na mumewe. Akasema, "Mimi kizee nitiwe maua nimuonyeshe nani? Babu'ko yuko Kikowani, yuwalala." Kikowani ni makaburini, Dada. Wanawake wakapiga kelele za furaha, wakamshika, akachorwa mikono yote miwili kuanzia kucha mpaka karibu na kiwiko. Maua meusi, mazito, na ua kubwa kuliko yote likakaa palepale inapokaa saa. Alipendeza. Aliinyanyua ile mikono akaitazama kama ya mtu mwingine, akasema, "Haya. Nimepambwa na mimi."

Sijui kwa nini neno lile lilinisimamisha nywele. Nilijiambia ni uchovu wa kuosha masufuria.

Tangu siku hiyo saa ikapofuka. Mahali pa mapigo iliandika vijistari tu, mara ikadai haijavaliwa na mtu, mara ikajifunga kabisa ikitaka namba ya siri. Fuad akapiga simu, akiwa na wasiwasi, tukamwambia harusi, piko, ua kubwa. Akacheka kwa kutulia. Akatueleza kwamba chini ya saa kuna taa ndogo ya kijani inayopenya ngozi na kuitazama damu ikipita, na rangi nyeusi ni pazia, taa haioni kitu. "Ngojeni piko litoke," akasema. Basi likawa ndilo neno la nyumba nzima. Saa ikikosea jambo lolote, ni piko.

Lakini saa hiyo ina njia nyingine ya kuusoma moyo. Unagusa kitufe cha ubavuni kwa kidole cha mkono wa pili, unatulia kitambo, nayo inakuchorea mstari wa moyo wako, mlima na bonde, mlima na bonde. Fuad alitaka mama yake afanye hivyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Ijumaa ya kwanza baada ya harusi Bi Rukia akaweka kidole, sote tumekaa juu ya jamvi na sinia ya biriani haijaondolewa. Mstari ukachorwa, halafu yakatoka maneno ya Kizungu. Zuhura akayasoma, akayarudia kwa Kiswahili, kwamba mapigo hayako sawa, muone daktari.

Mmoja wa shangazi zake Zuhura akasema, "Ah, si piko hilo," na sote tukashusha pumzi. Hata Fuad kwenye simu alisema huenda ni piko. Nani angebisha? Saa iliyokuwa haijui kama imevaliwa itajuaje habari za moyo?

Sasa nikikumbuka naona mambo ambayo wakati ule sikuyaona, au niliyaona nikayapa majina mengine. Bi Rukia alikuwa akisimama katikati ya ngazi, mkono ukutani. Unazijua ngazi za nyumba zile za kale, wima kama za kupandia mnazi. Nikimuuliza, husema yuwasikiza adhana. Mara nyingine ilikuwa adhana kweli. Mara nyingine haikuwa wakati wa adhana yoyote. Mchana alianza kulala, yeye ambaye alikuwa akiwacheka wanaolala mchana. Siku moja aliniambia kifuani mwake mna kuku anajitingisha mavumbi, akacheka, nami nikacheka, nikaenda kuanika nguo.

Ijumaa ya pili mstari ukachorwa, maneno yakawa yaleyale. Piko lilikuwa limeanza kufifia, hivyo neno "piko" halikutoka haraka kama mara ya kwanza. Zuhura akasema labda tumpeleke hospitali. Bi Rukia akakataa. "Moyo wangu mimi naujua. Nalifiwa na mume, haukusimama. Leo kidude cha kioo chanambia mimi haujui kutembea?" Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimekwishawasimulia kisa cha ndizi mara nyingi mno, na kilimfurahisha kuliko wote. Akasema, "Ndoo hapa, Mtaita wangu. Wewe mkono wako hauna piko. Hebu vaa, tuone kama yasema kweli."

Nikavaa. Nikaweka kidole kwenye kitufe, nikatulia kama nilivyomwona akifanya. Mstari ukachorwa. Yakatoka maneno yaleyale, Dada. Yaleyale, herufi kwa herufi.

Mungu wangu, tulivyocheka. Zuhura alianguka juu ya mto. Shangazi akasema piko limeingia ndani ya jicho la saa, limeiharibu, sasa kila mtu ni mgonjwa. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, nikasema afadhali ile ya ndizi. Bi Rukia akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso, akanishika mkono, akasema, "Basi sote twafa leo? Haya, tushikane mikono, Mtaita, twende sote." Alipoacha kucheka akaendelea kunishika. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani baba'ko si yuwaanguka-anguka?" Nikamwambia ni uzee tu, Bi Rukia, Baba amekwisha kuzeeka. Akanitazama kidogo, kisha Zuhura akaleta chai.

Fuad alisema saa ingali ndani ya muda wa dhamana ya dukani, irudishwe wabadilishiwe. Zuhura akaifungia kwenye droo ya meza ya kioo. Bi Rukia akashukuru kufunguliwa pingu. Ijumaa iliyofuata tulikula bila kusoma mstari wowote, na nakumbuka nilifurahi.

Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kuingia dirishani. Nilimwekea Bi Rukia mahamri na chai. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kikombe, ukakipita. Ukarudi, ukakipita tena. Akanitazama kama mtu aliyesahau jina la kitu anachokijua. Nikamwita. Mdomo ukafunguka upande mmoja tu. Nilipiga ukelele uliowatoa watu kwenye nyumba nne. Gari haliingii kwenye vichochoro vile, kwa hiyo alibebwa juu ya kiti, wanaume wanne, ngazi zote zile na kichochoro chote mpaka kwenye tuktuk, na mimi nyuma nimeshika viatu vyake. Mkono uliolegea uliyumba njia nzima. Piko lilikuwa limebaki kivuli tu.

Ni kiharusi. Daktari, dada mmoja mpole, alituketisha mimi na Zuhura akatueleza. Moyo wa Bi Rukia umekuwa ukipiga bila mpangilio kwa muda. Moyo ukipiga hivyo damu hutuama ndani yake, ikaganda, na kipande kilichoganda kimepanda kichwani. Akauliza, hakukuwa na dalili yoyote? Zuhura akaanza kulia, akamwambia yote, harusi, saa, piko. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila kulaumu, "Piko huziba ile taa, ni kweli. Lakini ule mstari wa kidole hausomwi kwa taa. Ni umeme wa moyo wenyewe. Piko haliuzuii." Akasema kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Angeletwa Ijumaa ile ya kwanza, angepewa.

Zuhura alikuwa akimlilia bibi yake. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nautazama mkono wangu.

Bado nilijipa matumaini. Nilijiambia huenda piko limeiharibu kweli, na kwa Bi Rukia imepatia kwa bahati. Tuliporudi nyumbani kuchukua nguo, Zuhura akaitoa ile saa kwenye droo, akaivaa huku akilia, akaweka kidole. Mlima na bonde, mlima na bonde, ikasema moyo wako uko sawa. Akarudia, ikasema hivyohivyo. Akampa shangazi, akaambiwa yuko sawa. Hakuna aliyekumbuka kunipa mimi. Walikuwa na msiba wao, na mimi sikunyoosha mkono. Nikamsaidia kukunja leso, nikaenda zangu Tononoka kwa miguu, nikisimama kila mara kujisikiliza.

Bi Rukia amesharudi nyumbani. Upande wa kulia hauna habari, na maneno yamempotea. Ana sauti tu, na jicho, na mkono mmoja wa kushoto wenye nguvu za ajabu. Tangu siku aliyorudi, kila nikimkaribia ananikamata kifundo cha mkono. Nikimlisha, ananikamata. Nikimgeuza, ananikamata. Zuhura akasema, "Yuwataka saa yake." Wakamletea, wakamfunga. Akaivuta kwa meno mpaka ikatoka, akaitupa juu ya shuka. Shangazi akalia, akasema anaichukia, iondoeni. Mimi nilijua hataki saa yake.

Juzi walitoka wote, Zuhura jikoni, shangazi dukani. Akanikamata tena. Kidole gumba chake kikatafuta mahali ambapo madaktari hugusa, kikatulia hapo, na jicho lake halikuondoka usoni mwangu. Saa ilikuwa juu ya meza. Akaniachia, akaichukua, akailaza juu ya mkono wangu. Kuifunga hakuweza, mkanda ulimshinda, akahangaika nao mpaka nikaona huruma, nikaifunga mwenyewe. Nikaweka kidole kwenye kitufe. Ni kitambo kifupi tu, Dada, lakini niliona maisha yetu yote mle. Shangazi Mghoi aliyeanguka na mzigo wa kuni akiwa bado na mtoto wa kunyonya, tukaambiwa ni kijicho. Babu aliyekwenda kufungua zizi asirudi. Watu pale nyumbani wanavyotutania, kwamba ukoo wetu unaanguka kama ndizi zilizoiva. Na mimi ninavyosimama kwenye ngazi zilezile za Bi Rukia, hatua chache chini yake, nikidhani ninamngojea yeye.

Maneno yakatoka. Yaleyale.

Bi Rukia hajui kusoma Kizungu, lakini hakuwa anatazama saa. Alikuwa ananitazama mimi. Akafumba jicho, chozi likateremka upande mmoja. Kisha akajaribu kusema. Alihangaika, shingo imesimama mishipa, na neno la kwanza kumtoka tangu siku ile lilikuwa, "Ba... baba'ko."

Basi hilo ndilo jibu lenu, Dada, na limetoka kwa mtu asiyeweza kunyanyua kikombe. Mwadime anauliza kama saa ghali ina thamani yake. Mwambie inayo. Ile ya Makupa hata ndizi inaipa moyo mzima, na Baba akiivaa itamwambia yu mzima mpaka siku ya kumzika. Ile ghali ilisema kweli kuhusu watu wawili chini ya paa moja, tukaifungia kwenye droo. Haikukosa kitu. Lakini haikuwa na mikono ya kutuburuta hadi hospitali, na sisi tulikuwa na maelezo tayari kabla haijamaliza kusema. Nanyi mtakuwa nayo. Baba atasema imeshtuka kwa sababu alikuwa anakamua, Mama atasema ni baridi, wewe utasema chaji imepungua. Saa ghali kwenye mkono wa mtu ambaye watu wake hawainuki ikisema inukeni, ni bangili.

Kwa hiyo Maua auzwe, lakini asiuzwe kwa ajili ya saa. Auzwe Baba ateremshwe Voi wiki hii, apimwe moyo kwa mashine kubwa, na kama ni ile ninayoiogopa, anunuliwe dawa. Saa itafuata ikibaki kitu, na ikifuata, mtu mmoja pale nyumbani aape kuitii. Usimwambie Baba ni moyo. Mwambie ni macho, ni meno, mwambie lolote, wewe uongo mtakatifu unaujua tangu shule.

Na wewe, Wakesho. Krismasi iliyopita uliniambia ukipanda kile kilima cha shule moyo unaruka-ruka, ukaacha chumvi, ukaona afadhali. Sikukujibu kitu, nilikuwa nachambua mchele. Sasa nakujibu. Utakapompeleka Baba, kaa kwenye foleni hiyohiyo na wewe, upimwe. Na Mwadime naye apimwe huko Nairobi, hata kama atacheka, maana atacheka. Mwache acheke kwanza, halafu mwambie tulivyocheka sisi.

Mimi nakwenda Jumanne. Zuhura amejua sasa. Nilimwambia jana, akanikumbatia, na yeye ndiye atakayenisindikiza kwa daktari yuleyule. Naogopa, Dada. Sitakuficha. Naogopa ngazi, naogopa kulala, naogopa kuandika haraka. Usiku nauweka mkono mbali na sikio nisiusikie.

Nisalimie Baba, mwambie mtoto wake wa mwisho anamkumbuka na kofia yake. Nisalimie Mama, na magoti yake. Mpe salamu shemeji, mwambie asiache kupanda nawe kile kilima, asikuache upande peke yako. Watoto wabusu mmoja mmoja, na yule mdogo mwenye jina langu mwekee mkono kifuani akiwa amelala, usikilize kidogo. Halafu funika, usimwambie mtu.

Zuhura amenisihi nivae saa ya bibi yake mpaka hiyo Jumanne, nami nimeivaa. Iko mkononi hapa ninapoandika, mkono uleule wenye kalamu. Tangu nianze ukurasa huu imetikisika, ikatulia, ikatikisika tena. Sijaigeuza niitazame. Nilitaka nikumalizie barua kwanza, kwa sababu lori la Mama Righa linaondoka alfajiri, na hofu yangu safari hii haiko kwenu peke yenu.

Mdogo wako akupendaye,
Saru